Jalada Liko Wapi? Namna ya Kutafuta na Kuomba Kumbukumbu za Kesi ya Jinai Rungwe

Mtu akitiwa hatiani katika Mahakama ya Wilaya ya Rungwe, pale Tukuyu, sheria inampa siku 10 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu. Siku hizo huisha haraka. Ndugu huzimaliza wakichangishana nauli, wakitafuta wakili Mbeya, wakiulizana nani alikuwepo mahakamani na hakimu alisema nini hasa. Wakili akishapatikana, jambo la kwanza analouliza ni nakala ya hukumu. Hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba hazina hata namba ya kesi.

Wanaohitaji kumbukumbu hizi si wafungwa na ndugu zao peke yao. Mlalamikaji aliyeibiwa ng'ombe anataka kujua kesi iliishaje. Mtu aliyeachiwa huru miaka 6 iliyopita anahitaji karatasi ya kumwonyesha mwajiri anayesikia maneno ya mtaani. Mwandishi wa habari anataka kuandika kilichoamuliwa na mahakama, siyo kilichosemwa kwenye kijiwe cha bodaboda. Wote hao wanatafuta kitu kimoja: jalada la kesi, pamoja na hukumu na mwenendo uliomo ndani yake.

Kinachowachosha wengi ni kudhani kuna ofisi moja yenye daftari la kesi zote za jinai, ambako mtu akitaja jina tu anapewa karatasi. Ofisi hiyo haipo. Polisi wana jalada lao, na namba ya RB ambayo mlalamikaji hupewa kituoni ni namba ya taarifa iliyoandikwa polisi. Haimsaidii sana karani wa mahakama. Mwendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka naye ana jalada lake. Mahakama ina la kwake, lenye namba yake, na hilo ndilo lenye hukumu. Mtu anayetoka Suma asubuhi akiwa na RB peke yake mkononi huenda akarudi jioni mikono mitupu, ingawa hakuna aliyemnyima chochote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni mahakama ipi iliyosikiliza kesi. Makosa madogo, kama wizi mdogo, matusi au shambulio la kawaida, mara nyingi huishia Mahakama ya Mwanzo, na kumbukumbu zake hukaa katika masjala ya mahakama hiyohiyo. Makosa mazito zaidi husikilizwa na Mahakama ya Wilaya iliyoko Tukuyu, ambayo inahudumia wilaya nzima ya Rungwe, wakiwemo wananchi wa Halmashauri ya Busokelo. Baadhi hupelekwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Mbeya. Suala lililosuluhishwa kwa mtendaji wa kata au mbele ya wazee wa kijiji halina jalada la jinai mahakamani, hata kama pande zote zilitia saini karatasi na faini ikalipwa.

Kesi za mauaji zina njia yake, na hapa watu hupotea sana. Mshtakiwa hufikishwa kwanza Mahakama ya Wilaya, kesi inatajwa mara kwa mara wakati upelelezi ukiendelea, lakini Mahakama ya Wilaya haina mamlaka ya kuisikiliza. Upelelezi ukikamilika, mshtakiwa hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Rungwe ni Masjala Ndogo ya Mbeya, na kesi hupewa namba mpya. Ndugu anayeendelea kuitafuta Tukuyu kwa namba ya zamani ataambiwa jalada lilifungwa au lilihamishwa. Ni kweli. Inabidi aombe aandikiwe namba ya Mahakama Kuu, kisha apande kosta ya Mbeya.

Majalada pia hupanda ngazi. Rufaa ikikatwa, mahakama ya juu huita jalada la mahakama ya chini, na likishaondoka karani wa chini anabaki na kumbukumbu kwamba limetumwa. Jibu la "jalada liko Mbeya" lisipokelewe hivihivi. Mwombaji aulize lilitumwa tarehe ngapi, kwa barua yenye kumbukumbu namba gani, na kwa ajili ya rufaa namba ngapi. Akiwa na mambo hayo matatu, karani wa Mbeya hatamwambia arudi Tukuyu.

Kesi ya mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na wanawe inaonyesha vizuri jinsi kesi moja inavyoacha alama sehemu nyingi. Mwaka 2004 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwahukumu kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikatupa rufaa yao. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia huru wana wawili, ikabakiza hukumu ya baba na mwanawe Papii Kocha. Desemba 9, 2017, Rais John Magufuli akawasamehe hao wawili. Anayesoma hukumu ya Kisutu peke yake atawahesabu wote kuwa wafungwa wa maisha. Anayeishia kwenye hukumu ya 2010 hataona msamaha, kwa sababu msamaha wa Rais haufuti hukumu wala hauandikwi ndani yake. Ndiyo maana mtu makini, kabla ya kuandika au kutangaza kwamba fulani ni mhalifu, huuliza kwanza kama kulikuwa na rufaa na iliishaje.

Baada ya mahakama, namba. Kesi ya jinai hutambulika kwa aina, namba na mwaka: Kesi ya Jinai namba fulani ya mwaka fulani, au Kesi ya Uhujumu Uchumi namba fulani. Majalada yaliyofunguliwa katika mfumo mpya wa kielektroniki yana namba ndefu zaidi, na tarakimu moja ikikosewa jalada halionekani. Namba hiyo imo kwenye hati ya mashtaka, kwenye fomu ya dhamana, kwenye hati ya wito wa shahidi, na kwenye hati iliyomfikisha mfungwa gerezani. Familia isiyo na karatasi yoyote bado ina njia ya gerezani: ofisi ya mapokezi ya gereza huwa na namba ya kesi ya kila mfungwa, mahakama iliyomhukumu na tarehe ya hukumu.

Namba isipojulikana kabisa, karani anaweza kutafuta kwa jina na mwaka kwenye rejista. Hapa Rungwe ina shida yake. Majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- yamejaa wilaya nzima, na mengi yanatofautiana kwa herufi moja tu. Kituo cha polisi huandika jina kama askari alivyolisikia, hati ya mashtaka hulinakili hivyo hivyo, na mtu aliyebatizwa kwa jina moja hujikuta mahakamani kwa jina jingine. Ambakisye anaweza kuandikwa Ambakisya. Tupokigwe akapunguziwa silabi. Anayekwenda masjala aandike pembeni namna zote ambazo jina linaweza kuandikwa, jina la baba, jina la utani kama lipo, kijiji, kosa, na mwezi ambao hukumu ilisomwa. Mwezi ukijulikana, kazi ya karani inapungua sana.

Kuna sehemu ya utafutaji inayoweza kufanyika kwenye simu, bila nauli. Tovuti ya TanzLII huchapisha bure maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, zikiwemo rufaa nyingi zilizotoka mahakama za wilaya za Mbeya. Kila uamuzi una alama yake: TZCA ni wa Mahakama ya Rufani, TZHC ni wa Mahakama Kuu, na mwaka uko kwenye mabano ya mraba. Mtu aandike neno Rungwe au Tukuyu pamoja na jina la ukoo, kisha achuje kwa mwaka. Maamuzi mengi ya ngazi hizo yameandikwa kwa Kiingereza, hivyo neno la kosa likitafutwa kwa Kiswahili pekee linaweza lisilete kitu. Jina la mtu na jina la wilaya ndiyo ya kutegemea. Hukumu za Mahakama ya Mwanzo na za Mahakama ya Wilaya kwa kawaida hazipatikani huko. Kutokuonekana TanzLII hakuna maana kwamba kesi haikuwepo. Maana yake mara nyingi ni kwamba haikufika Mahakama Kuu.

Suala la lugha lina historia inayomhusu kila anayeomba jalada la zamani. Mahakama za Mwanzo zimeandika kumbukumbu zao kwa Kiswahili siku zote. Kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, mwenendo uliandikwa kwa Kiingereza hata pale ambapo mshtakiwa, mashahidi na hakimu wote walizungumza Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Aliyehukumiwa Tukuyu mwaka 2015 ategemee kukuta maneno yake mwenyewe kwa Kiingereza, na atafute mtu wa kuaminika wa kumsomea kabla ya kuamua lolote.

Sasa barua. Maombi ya mdomo husahaulika karani akihamishwa au akienda likizo, lakini barua hubaki kwenye jalada. Iandikwe kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi kama kesi ilikuwa Mahakama ya Wilaya, kwa hakimu mfawidhi wa Mahakama ya Mwanzo husika, au kwa Naibu Msajili kama ilikuwa Mahakama Kuu Mbeya. Haihitaji maneno mengi wala sheria nyingi. Ya mtu aliyehukumiwa yaweza kuwa hivi:

"Hakimu Mkazi Mfawidhi, Mahakama ya Wilaya ya Rungwe, Tukuyu. Yah: Maombi ya nakala ya hukumu na mwenendo wa Kesi ya Jinai Na. … ya mwaka …, Jamhuri dhidi ya …. Mimi ni mshtakiwa katika kesi iliyotajwa hapo juu, ambayo hukumu yake ilisomwa tarehe …. Naomba kupatiwa nakala zilizothibitishwa za hukumu na mwenendo wote wa kesi, kwa kuwa nakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu. Nawasilisha."

Chini yake ziwekwe saini, namba ya simu na anwani. Barua itolewe nakala mbili: moja inabaki masjala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi kwa mwombaji. Muhuri huo una thamani kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema muda unaotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo hauhesabiwi ndani ya zile siku 45. Lakini Mahakama Kuu itajuaje kwamba mtu alisubiri? Itajua kwa barua yenye muhuri, na kwa tarehe ambayo nakala zilikuwa tayari. Asiyekuwa navyo atalazimika kuomba kuongezewa muda na kuapa kiapo cha kueleza sababu za kuchelewa. Mahakama ina uwezo wa kukubali, ila sababu lazima iwe ya msingi.

Zile siku 10 ni habari nyingine. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa haisubiri nakala ya hukumu. Inatakiwa iandikwe mapema, hata kesho yake, kwa kutumia namba ya kesi na tarehe peke yake. Aliyeko gerezani huiwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza, na hata sababu za rufaa zikiwa tayari hupitia hukohuko. Kwa kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya na muda wake ni siku 30.

Mlalamikaji ambaye hakuridhika na mshtakiwa kuachiwa na Mahakama ya Wilaya hana rufaa yake binafsi. Mwenye haki hiyo ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Mlalamikaji aende ofisi ya mashtaka mapema, akiwa na namba ya kesi, aeleze kwa maandishi kinachomsumbua katika hukumu. Bila nakala mkononi, maelezo yake yatakuwa manung'uniko tu, na ofisi haiwezi kukatia rufaa manung'uniko.

Je, mtu asiyekuwa mhusika anaweza kuomba? Kesi za jinai husikilizwa hadharani na hukumu husomwa hadharani, hivyo kuomba nakala ya hukumu si kosa wala ujasiri wa ajabu. Asiyekuwa mhusika aeleze yeye ni nani na anahitaji nakala kwa kazi gani. Mwandishi aambatanishe kitambulisho, mtafiti aambatanishe barua ya chuo chake, ndugu wa mfungwa aambatanishe barua fupi ya mfungwa mwenyewe. Mwenendo mzima, wenye ushahidi na vielelezo, huangaliwa kwa uangalifu zaidi kuliko hukumu. Yapo pia yaliyofungwa kwa sababu nzuri. Ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha. Kesi za watoto chini ya miaka 18 kwa kawaida husikilizwa na Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, bila watu wa nje, na jina la mtoto halitakiwi kutangazwa. Anayepata karatasi yenye jina la mtoto, awe mshtakiwa au mwathirika, asilisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Uchungu wa familia moja usigeuzwe mazungumzo ya kata nzima.

Nakala ikishapatikana isomwe pale pale, kabla ya kuondoka masjala. Kurasa zote zipo? Zina muhuri wa kuthibitishwa? Majina, namba ya kesi na tarehe ya hukumu ni sahihi? Kisha nyumbani ianze kazi ya polepole. Hati ya mashtaka inasema kosa gani na chini ya kifungu kipi. Mshtakiwa alijibu nini. Kila shahidi alisema nini, na je, hakimu alitia saini mwisho wa maelezo ya kila shahidi kama sheria inavyotaka? Kukosekana kwa saini hiyo kumewahi kuifanya Mahakama ya Rufani ifute mwenendo mzima. Hakimu alibadilishwa katikati ya kesi? Basi sababu ya mabadiliko iandikwe. Mambo haya hayaonekani kwa macho ya ndugu aliyeketi kwenye benchi la mahakama. Yanaonekana kwenye karatasi tu. Jambo moja la kuangalia: vifungu vya sheria vimepangwa upya katika Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, hivyo kifungu kinachotajwa katika hukumu ya zamani kinaweza kuwa na namba tofauti leo.

Na kama mwenendo unasema jambo ambalo mshtakiwa anaapa hakulisema? Njia ni nyembamba. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliochapishwa kwenye Ripoti za Sheria za Tanzania za 1998, ilieleza kwamba kumbukumbu za mahakama ni nyaraka nzito, zinachukuliwa kuwa zinaeleza kwa usahihi kilichotokea, na hazitenguliwi kirahisi. Kwa hiyo mwenye hoja ya namna hiyo aitafutie ushahidi mapema.

Kuna pia balaa la jalada kupotea. Jalada lisipoonekana, mwombaji aombe jibu la maandishi. Mahakama inaweza kuagiza kumbukumbu zikusanywe upya kutoka kwa mwendesha mashtaka, polisi, gereza na mshtakiwa mwenyewe, na hapo nakala chakavu iliyokaa kwenye sanduku la nguo inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Wapo wanaodhani jalada likipotea mfungwa anatoka. Mahakama ya Rufani ya Kenya ililijibu hilo katika rufaa ya jinai namba 61 ya 1993: kuachiwa si jambo la moja kwa moja, mahakama hupima mazingira ya upotevu na nani aliyeusababisha. Familia isikae ikisubiri muujiza wa jalada kupotea.

Anayehitaji kumwonyesha mwajiri au ubalozi kwamba hana rekodi ya uhalifu asihangaike na masjala ya mahakama. Anachotafuta ni cheti cha tabia njema, kinachotolewa na Jeshi la Polisi kwa kuchukua alama za vidole. Aliyewahi kushtakiwa na kuachiwa afadhali awe na nakala ya hukumu pia, maana ndiyo inayoeleza kesi iliishaje.

Kuhusu fedha, sheria inasema mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu apewe bila kuchelewa na bila malipo. Nakala nyingine zinaweza kuwa na ada, na ada ya mahakama hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu, na mlipaji hupewa stakabadhi. Hailipwi mkononi kwa karani, wala kwa kijana anayesimama getini akisema anamjua mtu ndani. Asiyemudu wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mwandiko wao ukiwa mzuri na namba ya kesi ikiwa sahihi, barua yao inatosha. Ofisi ikikaa kimya, barua ya kukumbushia iandikwe kwa hakimu mfawidhi, kisha kwa Naibu Msajili Mbeya. Malalamiko ya maadili dhidi ya hakimu yana kamati yake, ambayo kwa ngazi ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Na anayeombwa rushwa ili apewe nakala ya hukumu yake mwenyewe apige simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.